Paka wa Nyumbani na Chakula cha Sinia: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, paka hula kile wanachokula watu. Sinia likishaondolewa, ubwabwa uliobaki huchanganywa na mchuzi wa nazi na kichwa cha changu, akawekewa paka pembeni ya ukumbi. Na mwenye mapenzi zaidi hamngojeshi mpaka mwisho, humkatia pande lake watu wakiwa bado wanakula. Mapenzi haya yana mizizi katika dini na katika malezi. Tangu chuoni, yaani madrasa, tunasomeshwa, kwa kutegemea Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Sahaba Abu Qatada, kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa viumbe wanaotuzungukia majumbani. Sioni, basi, haja ya kumhimiza Mzanzibari ampende paka. Linalohitaji kusemwa ni kwamba mengi tunayomfanyia kwa mapenzi hayo tunayapima kwa ulimi wetu na tumbo letu, ilhali mwili wake umeumbwa kwa namna nyingine kabisa.

"Paka wa bibi alikula ubwabwa mpaka akazeeka"

Hii ndiyo dhana inayoshikiliwa kwa nguvu zaidi, nayo inastahili kujibiwa kwa urefu kwa sababu sehemu yake ni kweli. Ni kweli kwamba paka wengi wa zamani walimwagiwa ubwabwa na wakaishi miaka mingi. Lakini ubwabwa ule haukuwa chakula chao chote. Paka wa bibi alilala nje, alipita juu ya mapaa, alikamata panya, mijusi na ndege, akateremka pwani wavuvi waliporudi na akaokota matumbo ya samaki mchangani. Alichokipata kwetu kilikuwa nyongeza tu, na kilichomweka hai alikitafuta mwenyewe.

Paka ni mla nyama kwa maumbile, na hili halibadiliki kwa mazoea. Mwili wake hauwezi kutengeneza kwa kiasi cha kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama, samaki, pweza na hasa katika moyo wa mnyama, wala hakimo katika wali, muhogo, mkate au nazi. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka aliyekosa taurini huharibika sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na upofu unaotokana na hali hiyo hauponi. Mwaka 1987 ikathibitika kwamba upungufu huo huo hutanua moyo wa paka na kuudhoofisha hadi ukashindwa kusukuma damu. Na wengi wa paka waliokutwa na moyo uliotanuka walikuwa wakilishwa chakula cha viwandani kilichodhaniwa kuwa kamili, ndipo watengenezaji wakaongeza taurini katika bidhaa zao. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba huja polepole, kwa miezi mingi, na mwenye paka haoni chochote mpaka siku paka anapoanza kujigonga kwenye miguu ya viti au kuhema akiwa amelala.

Sasa mtazame paka anayelelewa leo katika fleti ya Michenzani au katika nyumba yenye wavu madirishani, asiyetoka kwa sababu mwenyewe anamhofia magari na paka shume. Huyu hana panya wala mjusi. Kila kinachoingia mwilini mwake kimetoka mkononi mwetu. Tunaifahamu Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie akale wadudu na vijinyama vya ardhini. Naona ndani yake jambo tunalolipita haraka: paka anayo riziki yake huko nje, na anayemfungia mlango amechukua dhamana ya kumpa kile ambacho angekipata mwenyewe. Ubwabwa wa mchuzi, hata akipewa mara nne kwa siku, hautimizi dhamana hiyo.

"Samaki ndiye chakula chake, basi ampate kwa wingi na vyovyote alivyo"

Kisiwani samaki ni wepesi kupatikana, na samaki ni chakula chema kwa paka. Tatizo liko katika namna anavyotolewa. Baadhi ya samaki, wakiwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa samaki wabichi wa aina hiyo siku baada ya siku huanza kwa kukosa hamu ya kula, kisha huyumba, kichwa kikainama kuelekea kifuani, na mwisho hupata degedege. Kumpika samaki huondoa hatari hiyo. Jodari na samaki wengine wenye mafuta mengi, wakiwa ndio mlo pekee, huleta upungufu wa vitamini E, nao husababisha mafuta ya mwilini kuvimba hata paka akawa analia akiguswa tu. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke na uyamwage yale maji kabla ya kumpa. Miba ya samaki waliopikwa na mifupa ya kuku aliyepikwa huchoma koo na utumbo. Madai kwamba paka "anajua mwenyewe kuiepuka" hayana msingi.

Wako pia wanaomnunulia paka wao maini kila siku, kwa kuwa ni laini na paka huyaparamia. Maini kidogo mara moja kwa wiki hayana ubaya. Yakiwa mlo wa kila siku, vitamini A hurundikana mwilini, mifupa ya shingo ikaota vinundu na kushikana, hata paka akashindwa kugeuza kichwa kujilamba.

Kwa asiyemudu chakula cha paka cha madukani, njia iliyo karibu ni kumchemshia samaki au kuku bila chumvi wala viungo, kumtoa miba na mifupa, na kumpa pamoja na supu yake, kwa sababu sehemu ya taurini huyeyukia katika maji ya kupikia na anayeyamwaga huimwaga nayo. Moyo wa kuku uongezwe mara kwa mara. Kwa paka anayefungiwa ndani moja kwa moja, hata mlo huu hautoshi peke yake, hasa kwa mtoto wa paka anayekua, kwani nyama isiyo na mfupa haina kalsiamu inayomtosha. Kama uwezo upo, sehemu ya mlo iwe chakula kamili kilichotengenezwa kwa ajili yake.

"Mchuzi kidogo haudhuru"

Hapa sina lugha laini. Kitunguu maji na kitunguu thomu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na hufanya hivyo vikiwa vibichi, vimekaangwa, vimechemshwa au vimesagwa vikawa unga wa viungo. Damu ya paka ni dhaifu mbele ya sumu hii kuliko ya wanyama wengi wa nyumbani. Hakuna mchuzi wa Kizanzibari usio na kitunguu, wala pilau isiyo na thomu, na kumchambulia paka nyama kutoka ndani ya mchuzi hakusaidii kitu, kwa kuwa nyama imeshaunyonya. Pande la paka litengwe kabla viungo havijaingia sufuriani.

Hukumu hiyo hiyo iende kwenye dawa. Anayemwona paka kama mtoto wa nyumba huenda akampa kipande cha parasetamoli akimwona amepoa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo. Ufizi ukigeuka rangi ya kahawia na uso ukivimba, muda uliobaki ni mchache mno.

"Maziwa humjenga"

Humjenga akiwa ananyonya kwa mama yake. Akishaachishwa, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hupungua, na wengi huharisha. Wala hafuati utamu: utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba paka hana jeni nzima ya kuonja sukari. Anapolamba maziwa, au keki ya sikukuu, kinachomvuta ni mafuta.

"Paka mnene ndiye paka aliyetunzwa, na akilia ana njaa"

Paka wakubwa hawaliliani sana wao kwa wao. Mlio ule wameuweka zaidi kwa ajili ya watu, na kila tunapoujibu kwa pande la kitoweo tunamfundisha kulia tena. Katika Ramadhani hili huonekana wazi, kwani anapewa wakati wa futari, anapewa wakati wa chakula cha usiku, na anaamshwa kwa daku, na mwezi ukiisha anaendelea kudai zamu zote tatu. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku nzima, kiasi ambacho mapande machache ya samaki wa kukaanga na tui zito hukipita kwa urahisi. Unene humletea kisukari na maumivu ya viungo. Pitisha viganja ubavuni mwake: mbavu zinapaswa kuhisika bila ya kubonyeza.

Lakini anayegundua kwamba paka wake amenenepa asimnyime chakula kwa ghafla. Paka mnene anayekaa siku mbili au tatu bila kula hujaa mafuta kwenye ini, na wengi hufa kwa hali hiyo. Chakula kipya kichanganywe na cha zamani, kikiongezwa kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, na akisusa kabisa kwa siku nzima, apelekwe kwa daktari wa mifugo kesho yake asubuhi.