Koti la mvua haliharibiki kwa kufuliwa

Wapandaji wengi wa Kilimanjaro wanaamini kwamba koti la kuzuia maji ukilifua, umeliua. Basi linavaliwa misimu miwili mitatu bila kuonja sabuni, na siku kitambaa kikianza kunywa mvua, mwenyewe anasema limekwisha, anatafuta jipya kwa bei ya kuumiza.

Si kweli. Kinachozuia maji ni utando mwembamba uliobandikwa kwa ndani, kama ule wa chapa ya Gore-Tex. Kitambaa cha nje kimepakwa dawa inayoyafanya maji yaviringike na kudondoka, kama matone juu ya jani la gimbi. Jasho, mafuta ya mwili na moshi vikiganda hapo, dawa inashindwa kazi. Kitambaa kinalowa, jasho linakosa pa kutokea, nawe unahisi unyevu wa baridi ukidhani mvua imepenya. Mara nyingi ni jasho lako mwenyewe.

Lifue kwa sabuni kidogo ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo, na ulisuuze mara mbili. Likikauka, tandika taulo juu yake, pitisha pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke. Joto ndilo linaloiamsha ile dawa. Maji yakiendelea kunyweka, nunua dawa mpya ya kupulizia.

Kwa hiyo ukienda soko la Memorial, Moshi, ukakuta koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya kuteleza kwenye theluji, usihangaike na doa la kola. Ligeuze ndani nje, ukague utepe uliofunika mishono. Ukibanduka kwa ukucha, au utando ukipukutika, liache hata likiwa bei ya bure.