Je, Wajua Kwa Nini Uamuzi wa Msuluhishi Huvuka Mpaka Hukumu ya Mahakama Ikikwama?

Wengi huamini kwamba hakuna kinachoishinda nguvu hukumu ya jaji, na kwamba usuluhishi ni njia ya kuombana radhi nje ya korti. Katika biashara ya kimataifa mambo ni kinyume. Mkulima wa maua wa Naivasha anayemdai mnunuzi wa Uholanzi anaweza kushinda kesi katika Mahakama Kuu ya Nakuru, lakini hukumu hiyo haitatekelezwa Uholanzi moja kwa moja, kwa kuwa nchi hizo mbili hazina mkataba wa kutekelezeana hukumu. Atalazimika kufungua shauri jipya huko. Kenya nayo husajili hukumu za nchi chache tu, zikiwemo Uganda, Tanzania na Uingereza.

Msuluhishi wa kibiashara hapatanishi watu. Husikiliza ushahidi, huamua nani alipe, na uamuzi wake hufunga pande zote. Tofauti kati yake na jaji iko katika chanzo cha mamlaka. Amri ya chifu huishia kwenye mpaka wa lokesheni yake. Bali mzee ambaye majirani wa ng'ambo zote mbili za mto walikubaliana mapema kumtii, neno lake huwafuata wote hadi nyumbani, maana limesimama juu ya ahadi yao wenyewe. Msuluhishi ni kama mzee huyo. Mkataba wa New York wa 1958, mkataba wa kimataifa wa kutekeleza maamuzi ya wasuluhishi ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1989 na ambao Uholanzi pia ni mwanachama, huzitaka mahakama za nchi wanachama kuiheshimu ahadi ya pande zote ya kumtii msuluhishi, na kutekeleza uamuzi wake bila kuisikiliza kesi upya. Jaji anaweza kukataa kwa sababu chache, kama vile upande mmoja kutoarifiwa, au uamuzi kwenda kinyume na maslahi ya umma, sababu ambayo upana wake hutofautiana baina ya nchi na nchi.

Hapa ndipo utandawazi unapobadilisha kazi ya wakili wa Nakuru: saa yake nzito imehama kutoka siku ya kusikilizwa kwa kesi hadi siku ya kuandika mkataba wa biashara. Mistari michache ya mkataba huo hutaja makao ya usuluhishi (yaani mahali ambapo sheria zake husimamia usuluhishi wenyewe), sheria itakayotumika kuamua mgogoro, idadi ya wasuluhishi na lugha. Naona mistari hiyo inastahili uangalifu kuliko hata ile ya bei, kwani wakili akiinakili ovyo kutoka mkataba wa zamani, anaweza kumnyima mteja wake njia ya kudai. Hata hivyo wasuluhishi hulipwa na wenye mgogoro wenyewe, na ada zao zinaweza kulimeza deni dogo; kwa shehena ndogo, ni heri wakili amshauri mkulima adai malipo kabla maua hayajapakiwa kwenye ndege.