Vifaa vya boti za doria: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mafundi wa boti wa Tanga wanajua bahari inavyokula chuma. Ila ikifika kwenye vifaa vya kisasa vya ulinzi wa majini, mengi yanayosemwa si sahihi, na mengine yanaharibu kazi au kumuumiza fundi.

“Utafiti wa vifaa vya manowari ni wa viwanda vikubwa tu”

Mwaka 1982 Marekani ilipitisha sheria ya kuzilazimisha idara zenye bajeti kubwa ya utafiti, jeshi la majini likiwemo, kutenga fungu kwa kampuni zenye watu wasiozidi 500. Fungu hilo lilifika asilimia 3.2 mwaka 2017. Hatua ya kwanza kampuni inathibitisha kwamba wazo linawezekana, ya pili inaunda sampuli na kuipima, ya tatu inauza bila fedha za fungu hilo. Wengi hukwama hapo, kwenye safari ya kutoka sampuli hadi oda.

Kampuni ya Tanga haiwezi kuomba fedha hizo, kwa sababu umiliki lazima uwe wa raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Anayekutoza ada ili “akusajili” anakuibia. Mlango wa hapa ni SIDO, shirika la viwanda vidogo, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na huko anayesikilizwa ni mwenye vipimo mkononi.

“Stenlesi haishiki kutu”

Stenlesi inalindwa na utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi. Ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe, mradi oksijeni ipo. Chini ya kichwa cha boliti au ndani ya gasketi, maji yakitulia, oksijeni inaisha, chumvi inajikusanya na chuma kinaliwa humo humo bila dalili nje. Ndiyo maana boliti hung'aa kichwani ikakatika shingoni. Daraja la 304, lile la masinki ya jikoni, halifai chini ya maji. 316 ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3 na ni bora, lakini nayo haivumilii kufungiwa kwenye maji yaliyotulia. Usizitofautishe kwa sumaku, zote mbili kwa kawaida hazivutwi. Dai cheti cha kiwanda. Boliti inayotoboa bodi chini ya mstari wa maji ipakwe silanti shina zima, si kichwani tu.

“Alumini inawaka, ndiyo iliyoimaliza Sheffield”

HMS Sheffield ya Uingereza ilipigwa na kombora la Exocet tarehe 4 Mei 1982 katika vita vya Falkland, ikazama tarehe 10. Majengo yake ya juu yalikuwa ya chuma. Bamba la alumini haliwaki kama kuni. Udhaifu wake ni kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na nguvu zake huporomoka mapema zaidi, kwenye nyuzi mia mbili na kitu. Chumba cha injini kiwekewe kinga ya joto.

Adui halisi wa alumini ni metali jirani. Mwaka 2011 jeshi la majini la Marekani lilieleza kuwa meli yake mpya Independence, yenye bodi ya alumini, imeliwa vibaya kwenye eneo la mitambo ya kuisukuma, pale alumini ilipokutana na metali nyingine bila kinga ya kutosha. Kosa hilo hilo ndilo linalotoboa boti ya futi 20 iliyofungwa boliti za stenlesi bila bushi na washa za nailoni. Na rangi ya kuzuia chaza yenye oksidi ya shaba isiguse bodi ya alumini kamwe.

Anodi ni kipande cha metali kinachoachwa kiliwe badala ya bodi. Ya zinki inafaa baharini. Boti inayolala mdomoni mwa mto Pangani, maji ya chumvi na baridi yanapochanganyika, iwekewe anodi ya alumini, kwani zinki hujifunika ganda ikaacha kufanya kazi. Wapo wanaoipaka anodi rangi ili ipendeze. Hapo kinga imezimwa kabisa. Ibadilishwe ikibaki nusu. Kupima, tumbukiza elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha majini, unganisha multimita kwenye bodi: chuma kisome volti −0.80 au chini zaidi, alumini kati ya −0.90 na −1.10. Ikifika −1.2, kinga imezidi, na magadi yanayojitengeneza juu ya alumini yataila.

“Hadena ikizidi, faiba inakuwa imara zaidi”

Hii ndiyo inayoharibu boti nyingi. Hadena haiongezi nguvu, kazi yake ni kuanzisha mgando. Kilo 1 ya rezini ya poliesta inahitaji gramu 10 hadi 20, na mchana wa kaskazi, joto likifika nyuzi 32, anzia 10. Changanya nusu kilo kwa mara moja kwenye beseni pana. Kwenye kopo refu joto hukosa pa kutokea, rezini ikafuka moshi na kupasuka. Ikizidi, faiba hunywea na kuwa kavu ya kuvunjika. Ikipungua chini ya gramu 10, haikauki kikamilifu hata ukingoja mwezi.

Kwa kila kilo ya mati, yaani nyuzi za kioo zisizofumwa, tumia rezini kilo 2 hadi 2.5, kwa kitambaa kilichofumwa, kilo kwa kilo. Zaidi ya hapo unaongeza uzito bila nguvu. Mati iliyolala kwenye unyevu wa usiku hubaki na mabaka meupe, nayo rola haiyaondoi.

Malengelenge ya chini ya boti hayaletwi na jua. Maji hupenya jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, polepole, huyeyusha mabaki ya rezini ambayo hayakuganda, kisha shinikizo hujenga lengelenge. Ukilitoboa, majimaji yake hunuka kama siki. Tabaka za nje zitumie rezini ya aina ya aiso au vinilesta, zisizopitisha maji kirahisi.

Na hili ni la uhai: hadena na kobalti, dawa ya kuharakisha mgando, visikutane vyenyewe, huweza kulipuka. Kobalti ikorogwe kwanza ndani ya rezini, hadena ifuate. Vaa miwani; tone la hadena hupofusha. Likiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

“Boti ya mbao au faiba haionekani kwenye rada”

Mawimbi ya rada hupenya faiba kavu na kugonga mashine, tenki, betri na watu. HMS Wilton ya mwaka 1973, manowari ya kwanza ya faiba, iliundwa hivyo kwa sababu ya mabomu ya baharini yanayohisi usumaku wa chuma. Rada haikuwa sababu.

“Saa 1,000 za ukungu wa chumvi ni sawa na miaka kadhaa baharini”

Jaribio hilo hunyunyiza maji ya chumvi asilimia 5 kwenye nyuzi 35 bila kukoma. Hakuna jua, kupwa na kujaa wala chaza. Linafaa kulinganisha rangi mbili, si kutabiri umri wa boti.

Tanga ina maabara yake, maana maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Kata vibamba vya milimita 100 kwa 150, vipime hadi sehemu ya mia ya gramu, vifunge kwa washa za plastiki kwenye nguzo: vingine panapolowa kwa marusho, vingine panapofunikwa na kufunuliwa, vingine chini daima. Kwa chuma, penye marusho ndipo panapoliwa zaidi. Baada ya siku 180 safisha kutu kwa tindikali yenye kizuizi, na kibamba kipya kikipitia tindikali hiyo hiyo ili upunguze kile ilichokula yenyewe.

Zidisha gramu zilizopotea kwa 87,600, gawa kwa eneo la sentimita za mraba, kwa saa na kwa msongamano. Chuma kilichopoteza gramu 20, kikiwa na eneo la 300 pande zote mbili, saa 4,320 na msongamano 7.86, kimeliwa milimita 0.17 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni wastani. Stenlesi huweza kupoteza gramu kidogo sana na bado ikawa na tundu la kutoboa bomba, kwa hiyo andika pia kina cha shimo refu kuliko yote.