Kumzuia Mnyama Bustanini bila Kumuua: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Mlima Rungwe, mwenye bustani ya mahindi na viazi mviringo ana wageni wa kila saa: ngedere jua likiwa juu, nguruwe pori na nungunungu giza likishaingia, na fuko wakati wowote, kwa kuwa huko chini aliko hakuna usiku wala mchana. Vifaa vya kuwazuia bila kuwadhuru vipo, na ninavitetea kwa moyo wote. Lakini mkulima asiyejua kwanza ni mnyama gani anayemwibia atanunua kifaa kizuri na bado atavuna mabua.

«Kifaa cha mlio usiosikika na binadamu kinafukuza kila mnyama.»

Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na vifaa hivi hudai kutoa mlio ulio juu ya hapo. Tatizo ni kwamba mlio wa namna hiyo hufifia haraka hewani, huzuiwa na ukuta au majani mengi, na mnyama asiyepata madhara yoyote huuzoea. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 ikiwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Kwa fuko hali ni mbaya zaidi, kwani masikio yake yameumbwa kusikia sauti nzito za chini. (Jina la kisayansi la jamii mojawapo ya mafuko wa Afrika, Fukomys, limetokana na neno hili hili letu.) Dalili yake ni rahisi kuitambua: majani ya karoti yamesimama lakini yamelegea, ukiyavuta yanakuja mepesi mkononi, na chini hakuna karoti bali alama ya meno. Dawa yake ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliotandazwa chini ya tuta kabla ya kupanda na kukunjwa juu pembeni.

«Taa ikiwaka, hakuna atakayekuja.»

Taa ya sola inayowaka yenyewe inapohisi mwendo inaweza kumshtua nguruwe pori kwa siku kadhaa, hasa ukiihamisha mara kwa mara. Ngedere hali mahindi yako usiku, kwa hiyo kwake taa hiyo haina kazi.

«Uzio wa umeme unaua watoto na mifugo.»

Hofu hii ina chanzo cha kweli, nacho ni watu wanaounganisha waya moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 230. Huo unaua, na asijaribu mtu yeyote. Uzio halisi hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: mashine yake huchukua nguvu ya betri inayochajiwa kwa jua, ikaigeuza kuwa pigo la maelfu ya volti linalodumu sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha ikanyamaza kwa takribani sekunde nzima kabla ya kupiga tena. Umeme wa nyumbani hukaza misuli hata aliyeshika waya ashindwe kuuachia. Kimya hiki cha kati ya pigo na pigo ndicho kinachompa aliyegusa nafasi ya kujitoa. Anaumia, anashtuka, anaondoka akiwa mzima.

Nguruwe pori hutangulia kwa pua, tena pua yenye majimaji, hivyo waya wa chini ukae kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu nyasi ndefu zikiugusa waya nguvu huvujia ardhini, na wakati wa kiangazi udongo ukikauka nondo ya ardhini, yaani chuma kilichochimbiwa ili kuurudisha umeme kwenye mashine kupitia udongo, haifanyi kazi vizuri mpaka umwagiwe maji pale ilipochimbiwa.

«Bundi ni mkosi, na panya dawa yake ni sumu.»

Bundi anayelia juu ya ghala yuko kazini, na chakula chake kikuu ni panya. Panya aliyekula sumu hutembea taratibu, bundi humdaka kwa urahisi, na sumu humwingia mwindaji mwenyewe. Sanduku la mbao lililowekwa juu ya mti ili apate pa kutagia litakusaidia zaidi.

«Tanzi humnasa mharibifu tu.»

Tanzi halichagui. Kipunji, nyani aliyetambuliwa na wanasayansi katika misitu ya Nyanda za Juu Kusini mwaka 2003, anapatikana Tanzania peke yake na yuko hatarini kutoweka. Mmoja wao, dume ambaye hata hakuwa amekomaa, aliuawa na mtego wa mkulima ndani ya shamba la mahindi pale Rungwe. Kwa kipunji na ngedere, bustani ndogo ifunikwe kwa wavu hadi juu, na mwenye shamba kubwa apande chai kwenye ukingo unaotazama msitu, mahindi yakae ndani karibu na nyumba, mahali ambapo mtu yupo mchana.