Je, wajua kwa nini Korea Kaskazini ilimpa marehemu urais?

Kim Il-sung alifariki tarehe 8 Julai 1994, akiwa na miaka 82. Mwaka 1998 katiba ya Korea Kaskazini ikarekebishwa na kumtangaza Rais wa Milele, na cheo cha urais kikafutwa ili asikikalie mtu mwingine. Mwanawe, Kim Jong-il, akatawala kama mwenyekiti wa Tume ya Ulinzi ya Taifa. Naye alipofariki Desemba 2011, akapewa uenyekiti wa milele wa tume hiyo, ikabidi mwanawe na mrithi wake, Kim Jong-un, atafutiwe cheo kipya: Mwenyekiti wa Kwanza.

Kwa nini wahangaike hivyo? Nchi inayojiita jamhuri haina hoja ya kuhalalisha baba kumrithisha mtoto madaraka. Alicho nacho mrithi ni damu tu, kwa hiyo kila sifa anayoongezewa babu humfikia mjukuu. Tena marehemu hafanyi kosa jipya, wala hawezi kumkana anayesema kwa niaba yake.

Utukuzaji huu umeingizwa hadi majumbani. Picha za viongozi hutundikwa kwenye ukuta usiowekwa kitu kingine, zikafutwa kwa kitambaa cha kazi hiyo tu, na wakaguzi hupita kuangalia kama zina vumbi. Gazeti lenye picha ya kiongozi halikunjwi likapita usoni pake. Katika jumba la Kumsusan, Pyongyang, ulikolazwa mwili wa Kim Il-sung, wageni huacha kamera nje, hupulizwa vumbi kwa mashine, kisha huinama miguuni na ubavuni pande zote mbili. Kichwani hawainami. Jumba hilo liligeuzwa kaburi katikati ya miaka ya 1990, wakati njaa ikiua raia kwa mamia ya maelfu. Ni aibu isiyofutika.

Halafu kuna simulizi. Kim Jong-il husemwa alizaliwa mlimani Paektu mwaka 1942, nyota mpya ikachomoza. Kumbukumbu za Kisovieti zinaonyesha alizaliwa mwaka 1941 kijijini Vyatskoye, karibu na Khabarovsk, baba yake alipokuwa huko. Simulizi ya aina hii hupima utii. Anayeirudia hadharani amethibitisha kwamba atasema lolote atakaloambiwa, na anayesita hujulikana papo hapo, hata kama hakuna anayeiamini.

Lakini sifa zikizidi, humbana hata mrithi. Mei 2020 gazeti la chama, Rodong Sinmun, liliandika kwamba binadamu hawezi kuikunja ardhi ili asafiri upesi, uwezo ambao Kim Il-sung alisifiwa nao kwa miongo mingi. Oktoba 2024 magazeti ya serikali yakaacha kalenda ya Juche, iliyohesabu miaka tangu 1912, alipozaliwa. Miezi michache kabla ya hapo, Mei, picha ya Kim Jong-un ilikuwa imeonekana ikitundikwa sambamba na za baba na babu yake, katika chuo cha kufundishia makada wa chama.