Je, wajua kwa nini mafua makali (influenza) yaliyoenea duniani mwaka 1918 yaliangamiza Samoa ya Magharibi, lakini hayakuua hata mtu mmoja Samoa ya Marekani?

Mwaka 1918 Wasamoa, watu wa visiwa vya Samoa katika Bahari ya Pasifiki, walikuwa watu wamoja kama walivyo leo: lugha moja, koo zilezile, ndugu waliovuka bahari kwa mashua kwenda kuzika na kuozesha. Kilichowagawa ni mkataba wa 1899. Upolu na Savai'i, upande wa magharibi, zilipewa Ujerumani, kisha New Zealand ikaziteka Agosti 1914. Tutuila, Aunu'u na Manu'a, upande wa mashariki, ziliwekwa chini ya Jeshi la Majini la Marekani. Kutoka Apia, mji mkuu wa magharibi, hadi bandari ya Pago Pago iliyoko mashariki ni kilomita 130 hivi.

Mafua yalipopita, magharibi ilikuwa imezika watu wapatao 8,500 kati ya 38,302, yaani asilimia 22. Mashariki, yenye watu wapatao 8,000, haikuzika hata mmoja kwa ugonjwa huo.

Wengi hudhani visiwa huokolewa na umbali. Lakini Apia ilikuwa mbali na dunia sawasawa na Pago Pago, tena katika bahari ileile. Tofauti ilikuwa katika namna meli zilivyopokelewa.

Meli iliyoleta msiba ilikuwa Talune. Ilitoka Auckland, New Zealand, tarehe 30 Oktoba 1918, mafua yakiwa yamekwisha kupamba moto mjini humo. Hata hivyo iliondoka na cheti safi cha afya, kwa kuwa mafua hayakuwa katika orodha ya magonjwa ambayo sheria ya New Zealand iliagiza yaripotiwe. Vyeti vya aina hiyo vilitungwa kwa ajili ya tauni, ndui, kipindupindu na homa ya manjano. Njiani, visiwa vya Fiji viliiwekea karantini, lakini hapohapo meli ikapakia makuli wa Kifiji wa kushughulikia shehena safarini. Tarehe 7 Novemba ikatia nanga Apia.

Utaratibu wa bandari zama hizo ulikuwa hivi. Meli ngeni hupandisha bendera ya njano, na hakuna anayeshuka wala anayepanda isipokuwa daktari wa bandari. Daktari humuuliza nahodha umepita bandari zipi, nani anaumwa, nani amekufa, na je, umezuiwa popote njiani? Kisha abiria na mabaharia wote hupangwa sitahani naye huwatazama mmoja mmoja. Akiridhika, bendera hushushwa na mashua za kupakua shehena zinasogea.

Pale Apia utaratibu huo ulivunjika sehemu mbili. Nahodha hakusema kwamba meli yake ilikuwa imewekwa karantini Fiji. Na wagonjwa waliokuwa wakionekana wazi kuwa wanaumwa waliruhusiwa kushuka. Lakini hata daktari angekuwa makini kuliko wote, kutazama watu kwa macho kusingetosha. Virusi vya mafua hukaa mwilini siku moja hadi nne kabla dalili hazijatokea, na mtu huweza kuanza kuambukiza wengine kabla hajajisikia vibaya. Anayeonekana mzima asubuhi bandarini huenda jioni akawa hoi kijijini kwake.

Hapa kuna jambo ambalo huwachanganya watu wengi: safari ya siku nane mbona haikuusafisha ugonjwa? Mgonjwa mmoja wa mafua huacha kuambukiza baada ya wiki moja hivi. Laiti angepanda peke yake, pengine ugonjwa ungeishia baharini. Lakini melini watu wamesongamana, wanalala pamoja chini ya sitaha, hewa haipiti vizuri, na huku Fiji imeongeza vijana kadhaa ambao miili yao haijawahi kukutana na virusi hivyo. Wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, na meli inafika na ugonjwa mbichi kama ilivyoondoka. Ndiyo maana karantini ya meli haihesabiwi tangu siku ya kung'oa nanga. Huhesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho alipojitokeza, na akitokea mwingine, hesabu inaanza upya.

Ndani ya siku chache Upolu nzima ilikuwa imelala. Watu hufikiri waliokufa waliuawa na mafua tu, na wengi kweli waliuawa na nimonia iliyofuata mafua. Lakini kasi ya vifo ilitokana pia na kwamba karibu kila mtu aliugua kwa wakati mmoja. Aina ile ya mafua iliwapiga hasa watu wazima wenye nguvu, ndio haohao waliokuwa wakienda shambani kuchimba majimbi, kuvua samaki na kuwasha tanuri la mawe. Nyumba nzima ikilala, hakuna wa kuteka maji. Mgonjwa mwenye homa kali asiyepata maji na chakula hudhoofika kwa haraka, naye ambaye angepona kwa uji na kikombe cha maji hufa. Mila nayo ilichangia bila ubaya wowote: kumtembelea mgonjwa na kukesha msibani ni wajibu mzito Samoa, kama ilivyo kwetu. Maiti zilizidi uwezo wa familia kuzika, zikakusanywa kwa malori na kuzikwa katika kaburi la pamoja Vaimoso, nje kidogo ya Apia. Wazee na machifu, waliokuwa wakijua nasaba na haki za ardhi za kila ukoo, walikufa kwa wingi. Hasara ya ujuzi huo haimo katika hesabu ya 8,500.

Talune iliendelea hadi visiwa vya Tonga, ambako takriban asilimia 8 ya watu walikufa.

Sasa tuvuke kwenda Tutuila. Gavana wa Marekani alikuwa Kamanda John Martin Poyer, ofisa wa majini. Habari za mafua zilimfikia kwa redio, naye hakungoja mgonjwa wa kwanza. Huo ndio uamuzi wenyewe, na mengine yote yalifuata hapo. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mafua husababishwa na virusi. Virusi vya mafua ya binadamu vilipatikana maabara mwaka 1933. Poyer hakuwa na chanjo, hakuwa na kipimo, hakuwa na dawa. Alichokuwa nacho ni jiografia ya kisiwa na watu wenyewe.

Tutuila ni milima inayoporomoka moja kwa moja baharini, na meli kubwa ina mahali pamoja pa maana pa kuingia: bandari ya Pago Pago, ghuba ndefu iliyoingia ndani ya kisiwa. Kuilinda hiyo ni rahisi. Abiria waliotoka melini walizuiliwa kwa siku tano chini ya uangalizi. Siku tano zinalingana vizuri na ugonjwa wenyewe: aliyeambukizwa siku ya mwisho ya safari atakuwa amekwisha kuonyesha dalili kabla muda haujaisha.

Kazi ngumu ilikuwa ni fukwe. Upolu iko karibu kiasi kwamba mashua yenye wapiga makasia hodari hufika bila shida, na watu wa huko walikuwa wakikimbia kifo kuelekea kwa ndugu zao. Askari wachache wa jeshi la majini wasingeweza kulinda kila ghuba. Poyer aliwategemea machifu, nao wakaweka walinzi wa vijiji pwani, wakirudisha mashua zilizotoka magharibi. Fikiria uzito wake: kumwambia binamu yako aliyeko majini, mwenye watoto ndani ya mashua, ageuze arudi. Hawa ndio walioiokoa Tutuila, ingawa nishani ya Navy Cross alipewa Poyer. Ulinzi huo haukulegezwa mawimbi ya kwanza ya mafua yalipotulia. Uliendelea hadi 1920.

Poyer aliujulisha upande wa pili kwamba yuko tayari kutoa msaada wa kitabibu. Mtawala wa kijeshi wa New Zealand mjini Apia, Kanali Robert Logan, hakuupokea, na mawasiliano ya redio na Pago Pago yakakatwa. Inaonekana alikuwa amekasirishwa na karantini ambayo Pago Pago iliiwekea meli ya barua iliyotoka Apia. Msaada ulikuja kutoka mbali zaidi: meli ya kivita ya Australia, HMAS Encounter, ilifika Apia tarehe 3 Desemba ikiwa na madaktari na dawa, karibu wiki nne baada ya Talune. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliomba radhi rasmi mbele ya Wasamoa, na kuingizwa kwa mafua hayo kulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyataja.

Miaka 102 baadaye njia ileile ilitumika dhidi ya UVIKO-19. Samoa ya Marekani ilikuwa tayari katika hali ya tahadhari kwa sababu ya surua, iliyokuwa imeua watu 83 katika nchi jirani ya Samoa (iliyokuwa Samoa ya Magharibi) mwishoni mwa 2019, wengi wao watoto wadogo. Machi 2020 safari za ndege za abiria kutoka Honolulu zilisitishwa. Hospitali ni moja tu, LBJ iliyoko Faga'alu, na wagonjwa mahututi wasingeweza tena kupelekwa Hawaii kama ilivyo kawaida.

Kufunga huko kulikuwa na gharama ambayo si haki kuipitia juujuu. Wakazi waliokuwa Hawaii na Marekani bara, wakiwemo waliokwenda kutibiwa, walikwama huko karibu mwaka mzima. Ndege za kuwarudisha nyumbani zilianza mwanzoni mwa 2021, na kila abiria alikaa karantini na kupimwa mara kadhaa kabla ya kupanda, kisha akakaa karantini tena baada ya kutua. Karantini mbili zina sababu yake: ya kwanza hupunguza idadi ya walioambukizwa ndani ya ndege, ya pili humnasa aliyeponyoka ya kwanza au aliyeambukizwa njiani. Meli za mizigo ziliendelea kuja, maana kisiwa hula vya kuagizwa, lakini virusi vilipogunduliwa kwa mabaharia wa meli moja Novemba 2020, watu hao walibaki melini. Mgonjwa wa kwanza kugunduliwa nchi kavu, Septemba 2021, alikuwa msafiri aliyekuwa tayari karantini.

Aina ya Omicron ndiyo iliyopenya. Februari 2022 virusi vilianza kusambaa vijijini, na kwa miezi michache maelfu waliambukizwa. Lakini safari hii muda ulikuwa umetumika. Chanjo ziliwasili Desemba 2020, na kufikia mlipuko huo watu wazima wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Kifo cha kwanza kilitokea Machi 2022, karibu miaka miwili baada ya mipaka kufungwa. Jumla ya vifo vilivyorekodiwa katika janga lote ilifika 34, katika eneo la watu wapatao 50,000.