Mchekeshaji Akivaa Uhusika wa Kutisha: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Kila muhula natenga jioni moja kuwaonyesha wanafunzi wangu wa uigizaji filamu ya One Hour Photo ya mwaka 2002. Humo Robin Williams ni Sy Parrish, msafishaji picha ndani ya duka kubwa, mtu mpweke aliyeipenda familia ya wateja wake kupita mipaka. Na kila muhula, taa zikishawashwa, lazima atokee wa kusema: "Mwalimu, kajitahidi, lakini huyu ni mchekeshaji. Kutisha siyo fani yake." Safari hii wamesema watatu, mmoja baada ya mwingine, na wa tatu aliongeza kwamba mchekeshaji "hana uzito." Nimechoka kulijibu hili mdomoni, kwa hiyo naliandika.

"Kuchekesha ni kipaji tu, kuigiza ni kazi nyingine"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana wanaolisema ni watu wanaotaka kuwa waigizaji.

Kichekesho na taharuki hujengwa kwa matofali yale yale. Unampa mtazamaji kitu cha kungojea, unamcheleweshea, kisha unakifungua mapema kidogo au kwa kuchelewa kidogo kuliko alivyotegemea. Akicheka, tunaiita komedi. Akishikilia kiti, tunasema filamu inatisha. Kinachopima vyote viwili ni taimingi, na hakuna mwigizaji anayefundishwa taimingi kwa ukali kama mchekeshaji wa jukwaani. Akikosea nusu sekunde, ukumbi unanyamaza na anajua hapo hapo kwamba amekosea. Mwigizaji wa mikasa ya huzuni anaweza kukosea mwaka mzima asijue, kwa sababu ukiwa jukwaani, ukimya wa watu walioguswa na ukimya wa watu waliochoka vinafanana.

Sasa mwangalie Sy akiwa kaunta. Nywele zimepauka na kupungua, miwani, sare ya duka, sauti ya chini. Anamhudumia mama wa ile familia, anatabasamu. Mteja anageuka kuondoka, sababu ya tabasamu imekwisha, lakini tabasamu bado liko usoni. Yule Williams tuliyemzoea angelivunja hapo kwa mzaha, tucheke, twende mbele. Safari hii halivunji. Analishikilia mpaka wewe uliyekaa kwenye kiti unaanza kutamani mtu aseme neno. Hiyo ni pumzi ya mchekeshaji, ila hajaitoa. Asiyejua mzaha unapokaa hawezi kujua ni wapi pa kuuzuia.

Halafu kuna ule ukuta wa nyumbani kwake. Kumbe miaka yote amekuwa akijichapishia nakala za picha za ile familia, na amezibandika ukuta mzima. Tunamwona amekaa kwenye kochi, televisheni mbele, ukuta nyuma yake. Hafanyi kitu. Wanafunzi wangu hudhani "hafanyi kitu" maana yake haigizi. Jaribuni nyinyi kukaa mbele ya kamera dakika moja bila kuomba msaada wa mikono wala nyusi, halafu tuzungumze.

Mwaka huo huo alicheza Insomnia ya Christopher Nolan, mbele ya Al Pacino, kule Alaska ambako msimu ule jua halizami. Yeye ni Walter Finch, mwandishi wa riwaya aliyemuua msichana. Filamu inakwenda mbali kabla hatujakaa naye uso kwa uso, na anapoingia kwa kweli anaingia kwa simu, usiku, hotelini kwa polisi asiyepata usingizi. Sauti ile ile iliyokuwa Jini katika filamu ya katuni ya Aladdin mwaka 1992, iliyokuwa ikibadilika mara kumi kwa dakika, sasa haipandi wala haishuki. Inaongea kama jirani anayetaka kueleweka. Mimi binafsi ndiyo inayonitia baridi kuliko damu yoyote ya kwenye skrini.

Na msidhani dhana hii ni ya wanafunzi peke yao. Wakubwa wa kituo kilichorusha tamthilia ya Breaking Bad nao walisita kumpa Bryan Cranston nafasi ya Walter White, mwalimu wa kemia anayegeuka mtengenezaji wa dawa za kulevya, kwa sababu walimjua kama baba kituko wa tamthilia ya vichekesho Malcolm in the Middle. Ilibidi mtunzi wa tamthilia, Vince Gilligan, awaonyeshe kipindi kimoja cha tamthilia ya The X-Files cha mwaka 1998 ambamo Cranston aliigiza mtu mwenye chuki ambaye bado unamwonea huruma. Baada ya hapo Cranston alichukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji bora wa kiume mara nne kwa kazi hiyo. Waliokuwa na pesa na vyeo walikaribia kukosea kwa sababu ile ile inayowakosesha vijana wa safu ya mbele darasani kwangu.

"Watu wamecheka, basi ameshindwa"

Mwaka huu kijana mmoja alicheka Sy alipotokea tu, kabla hajasema lolote. Nilipomuuliza alisema alimkumbuka akiwa amevaa kama bibi mlezi katika Mrs. Doubtfire. Sawa. Hiyo ni kumbukumbu yake, haihusiani na alichokuwa anakiona. Kicheko cha dakika za mwanzo ni deni la filamu zilizopita, na kila mchekeshaji anayebadilisha njia hulilipa. Pima kicheko cha saa nzima baadaye. Kijana yule hakucheka tena.

Isitoshe, mapenzi hayo ya zamani yana faida kubwa kwa mwongozaji. Familia ya kwenye filamu inamwamini Sy kwa sababu ni mpole na wamemzoea. Sisi nasi tunamwamini Williams kwa sababu amekuwa akiwachekesha watoto wetu. Tunaingia mtegoni pamoja nao. Mpe nafasi hiyo mwigizaji aliyezoeleka kuwa adui, na kila mtu ukumbini atajua tangu tukio la kwanza kwamba huyu si mtu mwema.

"Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa makini"

Hapana. Williams alisomea uigizaji Juilliard, chuo cha sanaa cha New York. Kabla ya 2002 alikuwa ameshateuliwa mara tatu kuwania Oscar ya mwigizaji mkuu, na mwaka 1998 akashinda ya mwigizaji msaidizi kwa Good Will Hunting, ambako ni mshauri wa kisaikolojia aliyefiwa na mke. Kipya kilikuwa kubeba filamu nzima akiwa mtu wa kuogopwa. Mengine yote alikuwa ameshayafanya mbele ya macho yetu.

"Ikiwa mbaya, ni kwa sababu ni komediani"

Jim Carrey alicheza The Number 23 mwaka 2007, filamu ya taharuki, na wakosoaji waliiponda. Watu wakasema: mnaona? Lakini Carrey huyo huyo alikuwa amepata tuzo ya Golden Globe ya drama kwa The Truman Show. Uwezo wake haukupotea njiani. Hadithi ya namba 23 ni dhaifu, na hadithi dhaifu humwangusha yeyote, awe wa komedi au wa machozi. Someni mswada kabla hamjamlaumu mtu.

"Hakupata tuzo kubwa, kwa hiyo hakuweza"

Adam Sandler, naye mchekeshaji, hakuteuliwa hata kuwania Oscar kwa Uncut Gems ya 2019, ambako ni muuza vito wa New York aliyezama kwenye kamari. Itazame tu uone kama utapumua.

"Nimeiona, haikunigusa"

Hapa huwa nauliza swali moja: uliiona vipi? Mara nyingi jibu ni kwamba aliona ile iliyowekewa sauti ya mtafsiri juu yake, kibandani au kwenye simu. Nawaheshimu watafsiri wetu, wamewafikishia filamu watu wengi ambao zisingewafikia. Lakini kazi yao ni kujaza ukimya, na katika filamu ya namna hii ukimya ndio uigizaji wenyewe. Mtafsiri akitia utani pale Sy aliposhikilia tabasamu, umemsikia mtafsiri, Williams hujamwona. Usimhukumu.

Ninachowaagiza wanafunzi wangu, na nitaendelea kuwaagiza hata wakinung'unika, ni hiki: chukueni tukio moja la kaunta, zimeni sauti, litazameni mara tatu. Mara ya kwanza macho tu. Mara ya pili mikono inavyoshika bahasha ya picha. Mara ya tatu hesabuni kimoyomoyo tangu mteja anapogeuka mpaka uso wa Sy unapobadilika. Wiki iliyopita yule wa "hana uzito" alinirudia na daftari. Alikuwa ameandika namba, amezifuta, ameziandika upya, akaniomba tuliangalie tukio lile kwa mara ya nne.